Kichwa Cheusi Bila Kopo la Rangi: Kufinyanga Sanamu ya Uso kwa Udongo wa Nyanda za Juu Kusini

Weusi wa sanamu hii hautoki dukani. Unatoka kwenye chuma kilichomo ndani ya udongo na kwenye moshi unaonaswa moto ukinyimwa hewa. Ndiyo maana maelekezo yanaanzia bondeni, sio usoni. Kuanzia kuchimba hadi kufunga boksi tenga miezi miwili, na zaidi ya nusu ya muda huo ni kusubiri. Anayetaka kumaliza kwa wiki moja apake rangi saruji.

Njia yenyewe ni ya zamani na bado inafanya kazi kubwa. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kuweka karakana yake Uingereza, hujenga vyombo vyake kwa mikono, huvisugua mpaka ving'ae, huvichoma kwa moto wenye hewa vikatoka rangi ya chungwa, na anapotaka vyeusi huvirudisha kwenye moto usio na hewa. Kabla ya hapo alijifunza Abuja ya zamani (leo Suleja), Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi alichofundisha Ladi Kwali, yule mama ambaye picha yake imo nyuma ya noti ya naira 20. Simone Leigh, mzaliwa wa Chicago mwaka 1967, hufinyanga vichwa na miili ya wanawake weusi, nywele akizijenga kwa maua madogomadogo ya udongo na chini akiwavalisha sketi za nyuzi za rafia. Mwaka 2022 aliiwakilisha Marekani kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia. Karibu zaidi na sisi wapo akina mama wa Kikisi wa Ikombe, mwambao wa Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao hushushwa sokoni Matema na kusambaa Kyela, Tukuyu hadi Mbeya mjini. Kabla hujashika udongo, nenda Matema ununue chungu kimoja, ukigonge kwa kucha usikilize mlio wake, upitishe kiganja juu yake. Chungu hicho kitakufundisha unene na usuguaji kuliko picha za mtandaoni.

Udongo

Udongo mzuri wa Iringa na Njombe uko chini ya vinyungu, yaani bustani za bondeni, kwenye mabonde yanayobaki na maji hata kiangazi. Ondoa tabaka la juu lenye mizizi na mboji. Chini yake, mara nyingi sentimita 50 hadi mita moja, utakuta udongo wa kijivu au wa bluu-bluu unaonata kwenye jembe. Usidanganywe na rangi ya shimoni. Udongo mweusi kabla ya kuchomwa umejaa mboji tu, na mboji huungua. Ukichomwa kwa hewa unaweza kutoka mwekundu kabisa, na huo ndio tunaoutafuta, kwa sababu wekundu ni dalili ya chuma. Udongo mweupe wa kaolini, kama ule wa Malangali wilayani Mufindi, hauna chuma cha kutosha. Moshi utautia weusi, lakini weusi huo mara nyingi huegemea kijivu.

Kinyungu kina mwenyewe. Omba, lipa chochote mtakachokubaliana, na fukia shimo, maana ng'ombe akivunjika mguu pale hutachimba tena kijiji hicho.

Papo hapo shimoni fanya jaribio la kwanza: sokota kamba ya udongo yenye unene wa penseli na uizungushe kwenye kidole. Ikipasuka hovyo, mchanga umezidi, sogea pembeni uchimbe kwingine. Jaribio la pili ni la chokaa. Kausha bonge, libomoe, lidondoshee siki. Likitoa povu, achana na udongo huo. Chembe ya chokaa ikishachomwa hunyonya unyevu wa hewa na kuvimba, kisha wiki kadhaa baadaye hubandua kipande cha shavu kutoka ndani, na dawa yake haipo. Kuwa mwangalifu hasa upande wa Songwe, kwenye mawe ya chokaa.

Jaribio la tatu ndilo linaloamua vipimo vyote vya mbele. Tengeneza kipande bapa cha urefu wa sm 14, upana wa sm 4 na unene wa sm 1. Chora juu yake mstari wa sm 10 kamili. Kikauke kivulini, pima mstari. Kisha kifukie kwenye jiko la mkaa uliokolea mpaka kiwe chekundu kama kaa lenyewe, kiache kipoe humohumo, pima tena. Mstari ukibaki sm 9, udongo wako unasinyaa asilimia 10. Ukizidi asilimia 12, uongezee vigae vilivyotwangwa.

Chimba ndoo mbili za lita 20. Kichwa cha ukubwa wa mtu hula kilo 8 hadi 10 za udongo uliokandwa, lakini kuna taka, kuna vipande vya majaribio, na kuna shingo itakayoanguka mara ya kwanza. Uanike udongo wote mpaka ukauke kabisa kabla ya kuuloweka. Watu wengi huuloweka ukiwa na unyevu wakashangaa mabonge hayayeyuki wiki nzima, ilhali mabonge makavu yakitiwa maji hubomoka yenyewe ndani ya saa chache. Koroga, chuja kwa kipande cha chandarua kilichokunjwa mara mbili, acha utulie siku mbili, mwaga maji ya juu, kisha mimina uji uliobaki kwenye sandarusi ulilotandika juu ya majivu. Ukifika hali ya kukandika, changanya na vigae: vyungu vilivyovunjika, ukavitwanga kwenye kinu kilichochakaa na kuchekecha kwa chekecheke la unga. Kipimo ni sado moja ya vigae kwa sado nne za udongo. Vigae hupunguza kusinyaa na huupa mvuke njia ya kutokea. Mbeya na Tukuyu unaweza kutumia badala yake unga wa yale mawe mepesi ya volkano ya kusugulia visigino. Kazi inakuwa nyepesi zaidi, ila unga huo hukwaruza mikono na vumbi lake ni baya kwa mapafu. Funika pua kwa barakoa, na twanga ukiwa umeunyunyizia maji kidogo.

Kanda mpaka waya ukikata bonge usione tundu hata moja la hewa. Funga kwenye plastiki, uweke mahali pa baridi wiki mbili. Udongo ulioiva kwa kukaa hukunjika bila kupasuka.

Uso wa nani

Iringa si mahali pa kutengeneza kichwa cha mtu bila kufikiri. Baada ya Mtwa Mkwawa kujiua mwaka 1898, fuvu lake lilipelekwa Ujerumani na halikurudi mpaka 1954. Leo limo makumbusho ya Kalenga, mwendo mfupi kutoka mjini. Kwa hiyo omba ruhusa kwa mtu unayetaka kumpima, mweleze sanamu itakaa wapi na kama itauzwa, na ukubali akikataa. Mzee akikubali lakini watoto wake wakaguna, hesabu kwamba amekataa.

Ukishapata ruhusa, pima mtu huyo. Usipime kwa kanuni za vitabu vya kuchora. Kanuni inayofundishwa sana inasema upana wa pua ni sawa na nafasi iliyo kati ya macho mawili. Hiyo ilitokana na sura za Ulaya, na ndiyo inayofanya sanamu nyingi za vinyago vya kuuzia watalii zionekane kama Mzungu aliyepakwa masizi. Chukua vijiti viwili vilivyofungwa kwa msumari mmoja vikafunguka kama mkasi, upime: kidevu hadi utosi, sikio hadi sikio, upana wa pua, upana wa mdomo, na vile vipimo vinavyosahaulika vya ubavuni, yaani midomo inatokeza kiasi gani mbele ya kidevu na kisogo kinakwenda nyuma kiasi gani. Kisogo ndicho kinachokosewa kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu kila mtu hufinyanga akitazama picha ya mbele. Piga picha nne: mbele, ubavu kulia, ubavu kushoto, nyuma. Simama umbali wa mita mbili, maana simu iliyosogezwa karibu huikuza pua na kuyameza masikio.

Sasa kusinyaa. Kichwa cha mtu mzima kutoka kidevu hadi utosi huwa karibu sm 22. Kwa udongo unaosinyaa asilimia 10, gawa kwa 0.9, unapata sm 24.5. Fanya hivyo kwa kila kipimo, uandike kwenye kadi, uibandike ukutani.

Kujenga

Anza na shingo, kwenye kibao kilichotandikwa gazeti ili kazi iweze kuteleza inaposinyaa. Gazeti likisahaulika, shingo hushikamana na kibao na kupasuka wima. Sokota kamba za udongo za unene wa kidole gumba, ziweke moja juu ya nyingine, na kila moja iunganishe kwa kuvuta udongo chini kwa kidole, ndani na nje. Usiridhike na upande wa nje peke yake, kwa sababu mshono wa ndani usiounganishwa ndio utakaofunguka kwenye moto. Unene wa ukuta uwe sm 1 hadi 1.3 kila mahali. Sehemu nene na sehemu nyembamba zikikaa pamoja hukauka kwa mwendo tofauti na kuvutana.

Usipande zaidi ya sm 8 kwa siku. Ukimaliza funika ukingo wa juu kwa kitambaa chenye maji na plastiki, sehemu ya chini iache wazi ikaze ili ibebe mzigo wa kesho. Kidevu na taya ni mahali pa kuanguka. Jaza ndani magazeti yaliyofinywa kuyashikilia; yataungua tanurini bila madhara.

Kosa la kawaida ni kujenga yai kisha kubandika pua, midomo na mashavu juu yake. Vilivyobandikwa hubanduka, na hata visipobanduka huonekana vimebandikwa. Acha utosi wazi, tundu la kupitisha mkono, na usukume sura kutoka ndani kwenda nje: mashavu kwa kiganja, midomo kwa vidole viwili, paji la uso kwa mgongo wa kijiko cha mbao, huku mkono wa pili ukiwa nje unaongoza. Udongo ukinyumbuka namna hiyo unabaki ukuta mmoja. Pua pekee ndiyo huhitaji udongo wa ziada, na hata yenyewe ianzie kwa kusukumwa, kisha ongeza kidogo kwenye mabawa. Toboa matundu ya pua kwa kijiti yaingie hadi ndani ya kichwa. Yatasaidia kupitisha mvuke.

Macho yana njia mbili. Ukitaka yaonekane, weka tonge la udongo la mviringo ndani ya tundu la jicho kwanza, ndipo ufunike kwa kope mbili nyembamba. Kope zilizochorwa kwa kisu juu ya uso bapa hazimdanganyi mtu. Njia nyingine ni kutoyaweka kabisa. Leigh mara nyingi huacha uso bila macho, na mtazamaji hulazimika kusoma shingo, mdomo na nywele badala ya kutafuta kukaribishwa. Kwa anayeanza ni njia nzuri pia kwa sababu ya kikazi tu: macho mabaya huua kichwa kizuri.

Masikio yabandikwe mwisho, ukuta ukiwa umekaza lakini bado unaingilika kwa kucha. Kwaruza pande zote mbili, paka uji mzito wa udongo uleule, bana, zungushia kamba nyembamba kwenye mshono.

Chale, kama mtu wako anazo, zikatwe katika hatua hiyohiyo, kina cha mm 2, kwa ncha butu inayosukuma kingo juu. Kama hana, usimpe. Chale ni alama ya mtu na ukoo wake, na mwenye kuzijua akiona umezirembea tu hatakuheshimu.

Nywele

Hapa ndipo sanamu inapoanza kusema ni ya wapi, kwa hiyo usiharakishe. Funga utosi kwanza, lakini toboa tundu la mm 3 mahali litakapofichwa na nywele.

Kwa nywele fupi za asili, chukua gunzi lililokauka na ulibiringishe juu ya udongo ungali laini. Gunzi la mahindi madogo huacha vishimo vilivyokaribiana vinavyofanana sana na nywele zilizokatwa wiki mbili zilizopita. Kamba ya mkonge iliyosokotwa, ikibiringishwa chini ya kiganja, huacha mistari ya mshazari. Wafinyanzi wa Afrika wameitumia kupamba vyungu kwa karne nyingi. Kwa nywele za kipilipili bonyeza udongo laini kwenye chekecheke la chai, kata vinyweleo vinavyotokeza upande wa pili, vipachike kidogokidogo juu ya uji wa udongo. Ni kazi ya siku nzima kwa kichwa kimoja, na vinyweleo hivyo vikikauka havishikiki tena.

Twende kilioni zitengeneze kwa kamba mbili nyembamba za udongo zilizosokotwa pamoja, zikilazwa kutoka kwenye paji kurudi kisogoni. Chora kwanza njia zote kwa mwiba, ukianzia mstari wa katikati, la sivyo ukifika sikioni utakuta msuko mmoja umekosa pa kwenda. Mwonyeshe msusi mchoro huo kabla hujabandika. Atakuambia kwa sekunde tatu kama nywele haziwezi kwenda hivyo.

Nywele za uzi, zile zinazosimama, ni nzuri mno na ni balaa. Kila shina liwe na unene wa sm 1.5 angalau, lisizidi urefu wa sm 7, na lipandwe kwenye shimo, sio kubandikwa juu. Mabutu makubwa ya mviringo yafinyange matupu ndani, na kila moja litobolewe tundu kuelekea ndani ya kichwa. Uvimbe wowote uliofungwa unaweza kupasuka tanurini unyevu wake ukigeuka mvuke, na kipande chake kuvunja pua. Kipara ndicho kigumu kuliko vyote. Hakina pa kuficha kosa la usuguaji.

Kukausha, kupaka na kusugua

Kausha kivulini chini ya plastiki iliyolegezwa kwa wiki mbili, halafu wiki moja bila plastiki. Upepo wa kiangazi wa Makambako hukausha upande mmoja na kuacha mwingine, basi geuza kazi kila asubuhi. Kuanzia Juni hadi Agosti, Njombe na Makete, usiiache nje usiku: maji yaliyomo kwenye udongo yakigandishwa na jalidi hutanuka, na asubuhi uso unabomoka magamba-magamba.

Wakati ikikauka, tengeneza uji mwembamba wa kupaka. Kilo moja ya udongo uleule uliokauka na kusagwa, lita 3 za maji ya mvua, na nusu kijiko cha chai cha magadi yaliyoyeyushwa kwenye maji moto. Magadi huzuia chembe laini zisishikane, kwa hiyo nzito zinazama na laini zinabaki zinaelea. Koroga, acha bila kutikisa kwa saa 20 hadi 24 kwenye ndoo inayopitisha mwanga. Utaona tabaka tatu. Vuta lile la katikati kwa mpira mwembamba, mengine tupa. Likiwa jepesi mno liache wazi lipungue maji mpaka lifikie wepesi wa maziwa. Ukitaka weusi wenye joto zaidi, changanya kijiko kimoja cha ngeu (udongo mwekundu wenye chuma kingi) iliyochekechwa kwa kila nusu lita.

Paka kichwa kikiwa kikavu kabisa, kwa brashi laini, tabaka tatu hadi nne, kila moja ikipoteza mng'ao wa maji ndipo ije nyingine. Paka eneo la kiganja kimoja, lisugue, ndipo uhamie jingine. Anza kwa kokoto laini ya mtoni, kwa mizunguko midogo, malizia kwa kipande cha mfuko laini wa plastiki uliovutwa kwenye kidole. Ukisikia mkwaruzo, kuna chembe ya kigae, iache, usiichokonoe. Uji ukinyanyuka magamba, ama umepaka mzito mno, ama umetumia udongo tofauti na wa kichwa. Uso sugua, nywele ziache chakavu. Tofauti hiyo, ngozi inayong'aa na nywele zinazomeza mwanga, ndiyo uhai wote wa kichwa cheusi. Ukisugua kila kitu utapata kitu cha plastiki.

Moto wa kwanza

Moto wa wazi wa majani na kuni, unaofaa kwa chungu chembamba, hupanda haraka mno kwa kichwa. Jenga tanuri dogo la matofali ya kuchoma bila saruji: ndani sm 55 kwa 55, kimo cha mistari 13, milango miwili ya moto inayotazamana, kila mmoja upana wa tofali moja na kimo cha mistari mitatu. Kwa matofali ya sm 22 kwa 11 kwa 7 andaa 170. Juu ya mstari wa nne pitisha nondo tano za mm 16 zenye urefu wa sm 90, na juu yake tandika vigae vikubwa vilivyoachiana nafasi ya vidole viwili. Nondo zitapinda baada ya kuchoma mara chache. Zigeuze, kisha zibadilishe. Kandika nje kwa tope na majani makavu. Tofali moja la ubavuni lichomoke ili uweze kuchungulia.

Kuni ziwe kavu na zimepasuliwa nyembamba. Mabanzi ya paini kutoka Mafinga hutoa ndimi ndefu na ndiyo bora kumalizia. Milingoti na miwati huwaka polepole, ianzie hiyo. Andaa kilo 100 au zaidi, kwa sababu kukimbilia kuni tanuri likiwa jekundu ni kupoteza moto wote. Choma siku isiyo na upepo, mbali na nyumba ya nyasi.

Simamisha kichwa katikati juu ya vigae vitatu, funika juu kwa vipande vya vyungu. Saa tatu za kwanza moto ukae nje ya milango, makaa tu. Shika kioo baridi juu ya tanuri kwa sekunde chache: kikifunikwa na ukungu, maji bado yanatoka na hupaswi kuongeza kitu. Hapa ndipo vichwa hupasuka, na mlio ukishausikia umechelewa. Kioo kikibaki kikavu, ingiza moto ndani taratibu kwa saa mbili. Kichwa kitakuwa cheusi kwa masizi. Usifurahi, si weusi wenyewe. Kisha lisha mabanzi membamba, kila mlango kwa zamu, kwa saa tatu hivi. Masizi yataungua na kutoweka, na ukichungulia kwenye kiza utaona wekundu hafifu, halafu wekundu wa kukolea. Huo ni karibu nyuzi 750 hadi 800 za Selsiasi. Ushikilie nusu saa, ishia hapo. Ukipita nyuzi 950 mng'ao wa kusugua hufa.

Ziba milango kwa matofali na tope, uende zako hadi kesho. Karibu na nyuzi 573 chembe za mchanga ndani ya udongo hubadilika ukubwa ghafla. Hewa baridi ikiingia wakati huo, ufa mwembamba hupita kutoka sikio hadi taya. Ukitoka vizuri, kichwa kitakuwa chekundu cha tofali na kitatoa mlio ukikigonga. Mlio mfu maana yake kuna ufa, hata kama huuoni.

Moto wa weusi

Chukua pipa la lita 200 lililokatwa kifuniko, utoboe matundu sita ya msumari karibu na kitako. Mwaga sm 10 za unga wa mbao mkavu, kijaze kichwa unga huo ndani kupitia shingoni, kisimamishe, zungushia sm 10 pande zote ukishindilia kwa mkono. Weka ngumi tatu nne za samadi kavu iliyovunjwa upande unaotaka ukolee zaidi. Pumba za mpunga za Mbarali au Kyela zinafaa zikichanganywa nusu kwa nusu. Peke yake huacha majivu meupe yanayokwaruza. Funika kichwa kwa sm 10 juu, mwaga makaa mekundu, subiri uso mzima wa unga ushike moto, kisha weka bati na tofali, ukiacha mwanya wa kidole upande mmoja.

Kinachotakiwa ni moshi usio na ndimi. Ukiona mwali, punguza mwanya. Moshi ukikatika kabla ya muda wa saa nne kupita, moto umezimika, anza upya. Ukienda vizuri utafukuta kwa muda wa saa 12 hadi 20. Katika moshi huo kaboni huingia kwenye vitundu vidogo vya udongo, na chuma chekundu hupoteza sehemu ya oksijeni yake na kugeuka cheusi. Vyote viwili hurudi nyuma hewa ikiingia kungali na joto, kwa hiyo usifungue mpaka pipa liweze kukumbatiwa. Mtu akifungua mapema kuona tu, mashavu hurudi mekundu mbele ya macho yake.

Madoa ya kijivu hutokea mahali unga ulipodidimia na kuacha hewa, kwa kawaida kwenye pua na utosi. Unaweza kurudia moto huu mara mbili au tatu bila kukiumiza kichwa. Lakini tazama kwanza: doa la kutu kwenye bega la shingo mara nyingine ni zuri kuliko weusi mtupu, na ngozi nyeusi yenyewe haina rangi moja kutoka paji hadi shingo.

Futa vumbi kwa kitambaa kikavu. Weka kichwa juani kipate joto, kisha paka nta ya nyuki kidogo sana kwa kitambaa cha pamba na usugue. Vanishi usitumie, huukatia udongo pumzi na kuleta mng'ao wa samani.

Milulu, mkonge na kauri

Kama unataka mwili au vazi la nyuzi, matundu yake yalipaswa kutobolewa kwenye ukingo wa shingo kabla ya kukausha: kipenyo cha mm 5, kila baada ya sm 1.5, sm 1 kutoka kwenye ukingo. Yakitobolewa baadaye kwa keekee hupasua. Milulu ya vikapu vya Iringa iloweke nusu saa ipate kunyumbuka, isuke ikiwa na unyevu, na uiache ilegee kidogo, kwa kuwa ikikauka hukaza na inaweza kuvuta ukingo. Mkonge hubeba uzito zaidi na unafaa kwa sketi nzito. Ianike milulu juani siku tatu kabla ya kuitumia, la sivyo wadudu wataila kutoka ndani. Gundi haishiki juu ya nta, basi funga kwa fundo.

Kauri, yale makombe madogo ya baharini, zina shida moja: zimekuwa njia ya mkato. Kila anayetaka kazi yake ionekane ya Kiafrika hubandika kauri. Zilifika huku juu kutoka pwani kwa biashara, na kama historia hiyo imo kwenye kazi yako, ziweke. Kama haimo, milulu ya bonde ulilochimba udongo inatosha.

Kufunga na kusafirisha

Kichwa kilichochomwa hivi hunyonya maji, kwa hiyo kisikae nje wala kwenye baraza linalopigwa na mvua, na kisisogezwe jikoni karibu na moto. Kinyanyue kwa mikono miwili, mmoja ndani ya shingo, mwingine kisogoni, kamwe usikishike kwa masikio wala nywele. Ukikisafirisha kwenda Dar es Salaam, jaza ndani vitambaa, kizungushie godoro la sponji la sm 5, kiweke kwenye boksi, na boksi hilo ndani ya jingine lenye maranda makavu pande zote. Kwenye kibandiko andika bonde udongo ulikotoka, moto uliotumika, na jina la mwenye uso ikiwa amekubali liandikwe. Kwenye basi kata tiketi ya kiti cha pili na ukifunge mkanda. Kondakta atacheka, lakini kwenye buti, chini ya magunia ya viazi, hakifiki Morogoro.